Yule Mhungaria Nyuma ya Visanduku

Kila aliyesoma kompyuta sekondari ameuchora ule mchoro: kisanduku cha kuingizia data, kisanduku cha kumbukumbu, cha hesabu, cha udhibiti, halafu mshale wa kwenda kwenye matokeo. Tumeuchora kwa rula, tumeujibia mtihani, na sisi wa ualimu tumeshaanza kuwachoresha wengine. Mchoro huo unaitwa kwa jina la John von Neumann. Jina hilo lilivyofika pale ni kisa cha peke yake na nitakifikia, maana halikufika kwa haki tupu.

Ila ninayemwandika leo si yule wa mchoro peke yake. Siku hizi habari za kompyuta za kwanta zimekuwa nyingi, na pale kwenye vimbweta utamsikia mtu anaeleza kwamba mashine mpya inakuja kuifukuza ya zamani. Sivyo kabisa. Prosesa ya kwanta haifanyi lolote bila kompyuta ya kawaida pembeni yake ya kuipa amri, kuisoma na kuisahihisha. Sehemu kubwa ya jasho linalotoka kwenye maabara sasa hivi ni la kuzifunga hizo mbili zifanye kazi pamoja. Na ajabu yenyewe ni hii: hesabu ya upande wa kwanta na mchoro wa upande wa kawaida vyote viliwahi kupita kwenye kichwa kimoja, cha mtu aliyefariki mwaka 1957, zaidi ya miaka 20 kabla watu hawajaanza kuandika kuhusu kompyuta ya kwanta.

Alizaliwa Budapest, Hungaria, tarehe 28 Desemba 1903. Kwao jina la ukoo linatangulia, kwa hiyo alikuwa Neumann János. Familia ilikuwa ya Kiyahudi, ya watu wenye uwezo. Baba yake, Miksa, alikuwa mtu wa benki, na mwaka 1913 alipewa hadhi ya utukufu na mfalme. Hiyo "von" ndiyo ilitoka hapo. János alikuwa wa kwanza kati ya wavulana watatu.

Kwenye shule yake ya Kilutheri alikuwepo mwalimu wa hesabu anayeitwa László Rátz. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu katika vitabu vinavyomsifu von Neumann huyu mwalimu hupewa mistari miwili mitatu, na mimi naona ndiye mtu wa kumsoma sisi watu wa elimu. Rátz alikuwa pia mhariri wa jarida la hesabu la wanafunzi wa sekondari, lile ambalo vijana wa Hungaria walipeleka majibu ya maswali yao na kushindana. Alipokutana na János aliona haraka kwamba mtoto yule hawezi kufundishwa na silabasi. Sasa angalia alichofanya. Hakumrukisha madarasa wala hakumtangaza kama kituko. Alikwenda kwa baba, akamweleza kwamba mtoto anahitaji kufundishwa na watu wa chuo kikuu, akasaidia kuwapata. Mmoja wao alikuwa Gábor Szegő, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanahisabati mkubwa mwenyewe. Mtoto akaendelea kukaa darasani na wenzake kama kawaida. Darasa moja mbele yake alikuwepo Eugene Wigner, ambaye mwaka 1963 alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia, na huyo naye alipita mikononi mwa Rátz. Mwalimu mmoja, shule moja. Sisi tunafundishwa jinsi ya kupanga andalio la somo, lakini uamuzi wa kukiri mbele ya mzazi kwamba mtoto wako amenizidi, huo haumo kwenye andalio lolote.

Ilipofika chuo, likatokea jambo ambalo wengi hapa watalielewa bila kuelezwa: baba alitaka digrii yenye kazi. Hisabati italipa nini? Wakakubaliana kemia. Basi kijana akasoma kemia Berlin, kisha uhandisi wa kemia Zurich, na wakati huohuo akajiandikisha shahada ya uzamivu ya hisabati Budapest, ambako alikuwa anaonekana zaidi wakati wa mitihani. Kufikia 1926 alikuwa amemaliza yote mawili, akiwa na miaka 22. Ndiyo miaka yangu mimi. Naiacha hiyo namba hapo ilivyo.

Kisha akaenda Göttingen, Ujerumani, kwa mzee David Hilbert. Ulikuwa wakati wa moto. Mwaka 1925 Werner Heisenberg alikuwa ameeleza tabia ya atomu kwa majedwali ya namba, na mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaieleza kwa mawimbi. Njia mbili zisizofanana hata kidogo, majibu yaleyale. Watu walishaona kwamba zinakubaliana, ila msingi wa kihisabati ulikuwa bado umelegea. Von Neumann aliukaza. Alionyesha kwamba hali ya kitu cha kwanta inaweza kuchukuliwa kama mshale ndani ya nafasi yenye pande nyingi mno, hata zisizo na idadi, na kwamba majedwali na mawimbi ni namna mbili za kuuelezea mshale uleule. Mwaka 1932 kikatoka kitabu chake kwa Kijerumani kuhusu misingi ya kihisabati ya mekanika ya kwanta. Mpaka leo mwanafunzi wa fizikia anayetaja nafasi ya Hilbert anatembea kwenye barabara iliyochongwa na kitabu hicho.

Ndani yake kuna sehemu moja ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yote hii. Von Neumann alitenganisha mambo mawili yanayoweza kukipata kitu cha kwanta. La kwanza, kikiachwa chenyewe, hali yake inabadilika taratibu, kwa kanuni inayoeleweka, na unaweza kurudi ulikotoka. La pili, ukikipima, inaruka ghafla kwenda kwenye jibu moja, na hapo hakuna kurudi. Halafu akauliza swali la mtu msumbufu: kupima kunaanzia wapi? Akachukua mfano wa kupima joto. Unaweza kusema kinachopimwa ni kitu chenyewe, na kipimajoto ndicho kinachopima. Au ukasema kipimajoto nacho kimo upande wa kinachopimwa, na mpimaji ni jicho linalosoma zebaki. Au uendelee hadi ndani ya ubongo. Akaonyesha kwa hesabu kwamba mpaka huo unaweza kuusogeza mbele au nyuma na majibu yasibadilike. Ila lazima uuweke mahali fulani. Huwezi kuishi bila mpaka.

Kwenye karatasi, ni sawa. Kwenye maabara ya leo mpaka huo ni nyaya. Chukua chipu za kwanta za aina ile inayotumia saketi ambazo umeme unapita bila ukinzani wowote. Chipu inakaa chini kabisa ya jokofu maalumu, kwenye baridi ya takriban sehemu moja ya mia ya digrii juu ya sifuri halisi, yaani karibu nyuzi 273 chini ya sifuri ya kawaida. Mitambo inayoipa amri iko nje, kwenye joto la chumba. Amri zinateremka kama mapigo ya mawimbi ya maikro kupitia nyaya ambazo kila ghorofa ya jokofu zinapunguzwa nguvu, ili kelele ya joto la juu isifike chini. Jibu linapanda kama ishara dhaifu sana ambayo lazima ikuzwe hatua kwa hatua ndipo isomeke. Sasa mpaka tuuweke wapi? Ukiacha mitambo yote nje, nyaya zinazidi kuongezeka kadiri kubiti zinavyoongezeka, na jokofu halina nafasi ya nyaya milioni. Ukiisogeza ndani, mitambo inatoa joto, na kule chini jokofu lina uwezo wa kuondoa joto dogo kuliko linalotolewa na taa ndogo kabisa ya simu yako. Wengine wanatengeneza chipu za udhibiti zinazofanya kazi kwenye ghorofa ya digrii nne juu ya sifuri halisi, katikati ya safari. Yaani wanausogeza mpaka wa von Neumann kwa bisibisi.

Kabla sijaondoka kwenye kitabu hicho, kuna doa lake. Von Neumann aliweka humo uthibitisho kwamba hakuna vigezo vilivyojificha nyuma ya kubahatisha kwa kwanta. Mwaka 1935 mwanamke Mjerumani, Grete Hermann, mwanahisabati na mwanafalsafa, akaonyesha kwamba uthibitisho huo umesimama juu ya dhana ambayo haikuwa na haki ya kuwekwa pale. Karibu hakuna aliyemsikiliza. Ilibidi John Bell aseme jambo hilohilo kwenye makala ya mwaka 1966 ndipo likaingia. Miaka 30! Jina kubwa likishasema, wengine huwa wanaona aibu kuuliza. Hii ni kawaida hata kwenye semina zetu.

Alishahamia Marekani kuanzia 1930, na mwaka 1933 akawa mmoja wa maprofesa wa mwanzo wa taasisi mpya ya utafiti kule Princeton, pamoja na Albert Einstein. Mwaka huohuo Wanazi waliingia madarakani na kuanza kuwafukuza Wayahudi vyuo vya Ujerumani. Göttingen aliyoijua ikafa. Akawa raia wa Marekani mwaka 1937. Alikuwa mtu wa suti na sherehe, si yule mwanasayansi wa nywele timutimu tuliyezoea kumwona kwenye picha.

Vita vikamfikisha Los Alamos mwaka 1943. Bomu la plutoni lilihitaji kubinywa kutoka pande zote kwa pamoja, kwa milipuko iliyopimwa barabara, na hesabu ya kubinya huko ilikuwa ya kwake kwa sehemu kubwa. Bomu la aina hiyo ndilo lililoangushwa Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Alikaa pia kwenye kamati iliyochagua miji ya kulengwa. Baada ya vita hakujitenga kama baadhi ya wenzake. Alisonga mbele hadi bomu la haidrojeni. Sioni njia ya kumwandika nikaliruka hili, na sioni pia kwamba sifa zake za hisabati zinalifuta.

Hesabu za milipuko ndizo zilizomtia kiu ya mashine. Kiangazi cha 1944, kwenye jukwaa la stesheni ya treni ya Aberdeen, jimbo la Maryland, afisa mmoja wa jeshi, Herman Goldstine, ambaye naye alikuwa mwanahisabati, alimtambua akamsogelea. Katika mazungumzo akamtajia kwamba kule Philadelphia kuna mashine inajengwa yenye uwezo wa kuzidisha mara 300 hivi kwa sekunde. Mashine hiyo ilikuwa ENIAC: tani 30, valvu za kioo zaidi ya 17,000, zile zilizokuwa zinawaka ndani ya redio za mababu zetu. Udhaifu wake ni kwamba kuibadilishia kazi kulimaanisha kuchomoa na kuchomeka nyaya na kugeuza swichi kwa siku kadhaa. Wahandisi wake, J. Presper Eckert na John Mauchly, walishaanza kuifikiria mashine itakayofuata, ambayo maagizo yake yangekaa kwenye kumbukumbu kama data nyingine. Von Neumann akajiunga na mazungumzo yao.

Tarehe 30 Juni 1945 ikasambazwa ripoti ya kurasa 101 kuhusu mashine hiyo mpya, EDVAC. Ilikuwa safi ajabu. Ilipanga mashine kwa viungo vyake, hesabu huku, udhibiti huku, kumbukumbu huku, bila kumzamisha msomaji kwenye valvu na nyaya. Juu kulikuwa na jina moja tu: von Neumann. Ilikuwa rasimu, na Goldstine ndiye aliyeisambaza, lakini Eckert na Mauchly walikasirika, na tangu siku hiyo mpango huo ukabeba jina la mtu mmoja. Miaka mingi baadaye, mwaka 1973, mahakama ilipoifuta hataza ya ENIAC, ripoti ile ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotumika. Kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya kikundi hapa chuoni akakuta jalada lina jina la yule aliyeandika vizuri, na waliokesha wakitafuta majibu hawapo, anajua ladha ya jambo hili. Kwa maoni yangu von Neumann alistahili kuwemo. Kuwemo peke yake ndiko kusikostahili.

Yeye akarudi Princeton akajenga mashine yake, mhandisi mkuu akiwa Julian Bigelow. Ilianza kufanya kazi mwaka 1951. Kumbukumbu yake ilikuwa maneno 1,024 ya biti 40 kila moja, yaani kama kilobaiti tano. Meseji chache za mpangaji anayedai kodi zingeijaza. Michoro ilitolewa kwa yeyote, na mashine za ndugu zake zikazaliwa Illinois, Los Alamos na hata Israeli. Mke wake wa pili, Klára Dán, ambaye hakuwa na digrii ya hisabati, aliandika programu zilizoendeshwa kwenye ENIAC mwaka 1948. Jina lake nalo halimo kwenye mchoro.

Sasa rudi kwenye chipu yetu ya kwanta uone visanduku vile vimekaaje. Programu ya mashine ya kwanta haikai kwenye kubiti. Haiwezi. Hali ya kubiti usiyoijua haiwezi kunakiliwa, jambo lililothibitishwa mwaka 1982, na kwa chipu nyingi za aina hii hali yenyewe inachakaa kabla hata elfu moja ya sekunde haijaisha. Kwa hiyo maagizo yanakaa kwenye kumbukumbu ya kawaida kabisa, yanavutwa moja baada ya jingine kama von Neumann alivyoandika, ndipo yanageuzwa mapigo ya mawimbi. Kile kisanduku cha hesabu ndicho kilichopata jirani mpya kule chini kwenye baridi.

Na lipo deni jingine. Valvu zilikuwa zinaungua ovyo, na von Neumann alijiuliza mashine nzima inawezaje kutegemewa wakati kila kiungo chake hakitegemeki. Januari 1952 alitoa mihadhara huko California akaonyesha njia: beba kila ishara kwenye nyuzi nyingi badala ya moja, zipigishe kura mara kwa mara, na ikiwa kosa la kila kiungo liko chini ya kiwango fulani, mashine nzima unaweza kuifanya ya kuaminika kadiri utakavyo. Maandishi yalitoka 1956. Wazo la kiwango hicho ndilo linalohangaisha watu wa kwanta leo, likiwa na ugumu zaidi: kubiti huwezi kuinakili, wala huwezi kuichungulia katikati ya kazi. Peter Shor alionyesha mwaka 1995 kwamba bado inawezekana. Unaipima mahusiano ya jirani na jirani, bila kugusa habari yenyewe, na vipimo hivyo vinakuambia kosa limetokea wapi.

Hapo ndipo kompyuta ya kawaida inapogeuka kuwa roho ya jambo. Vipimo vinamwagika bila kupumzika, na ni yeye anayepaswa kuvisoma na kukisia kosa kabla mengine hayajarundikana. Kwenye chipu ya Google inayoitwa Willow, yenye kubiti 105, iliyotangazwa mwaka 2024, duru moja ya vipimo inachukua milioni moja nukta moja ya sekunde hivi. Katika jaribio la kusahihisha papo kwa papo, kompyuta ya pembeni ilikuwa inatoa jibu kwa wastani wa sehemu 63 za milioni ya sekunde. Ukipiga hesabu, jibu linapofika, duru kama 57 zimeshapita. Inavumilika, mradi kompyuta iende kwa kasi ileile ya vipimo na foleni isikue. Lakini kwa kazi ambazo hatua inayofuata inategemea jibu, kila sehemu ya milioni ni ya kugombaniwa.

Von Neumann hakuyaona hayo. Mwaka 1955, mwaka uleule kitabu chake cha kwanta kilipotoka kwa Kiingereza, aligundulika na saratani. Alikuwa ameteuliwa kwenye tume ya nishati ya atomu ya Marekani, na Februari 1956 alipokea nishani kwa Rais Eisenhower akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Aliwekwa hospitali ya jeshi ya Walter Reed, Washington, akilindwa na wanajeshi, kwa hofu kwamba katika maumivu na dawa angeweza kutoa siri. Alikuwa ameahidi mihadhara chuo cha Yale kuhusu kompyuta na ubongo, akawa anaiandika kitandani mpaka mkono ukashindwa.

Binti yake, Marina, alikuja kusimulia kwamba baba yake alimwomba amtajie namba mbili ndogo, za mtoto wa darasa la kwanza, ili azijumlishe, apate kujua kama akili bado ipo. Alifariki tarehe 8 Februari 1957 akiwa na miaka 53, akazikwa Princeton. Mswada wa Yale ulichapwa mwaka 1958 ukiwa haujakamilika, na dibaji yake iliandikwa na Klára.